Plagi ya Bibi

Waya uliokatika ulikuwa mwekundu, mwembamba kuliko njiti ya kiberiti. Ulikatika pale risasi ya kulehemu ilipoishia na waya mlaini ulipoanzia. Ukiutazama juujuu ungesema ni mzima, kwa sababu ganda lake la plastiki lilikuwa bado limeng'ang'ania mahali pake. Nilipolivuta kidogo kwa ukucha likaja lote mkononi, na ndani yake nyuzi za shaba zilikuwa zimeachana zote.

Mimi ndiye niliyeulehemu waya ule. Na kwa sababu yake bibi yangu alikaa wiki tatu akiamini kwamba masikio yake yamekufa.

Bibi anaishi Muheza, mkoani Tanga. Usikivu wake ulianza kupungua miaka michache iliyopita. Anacho kifaa cha kusikilizia alichopewa baada ya kupimwa, na hukivaa akipokea wageni au akienda kwenye shughuli. Kwa redio hakitaki. Anasema kinamletea kwanza kelele za sufuria na kuku, ndipo kimletee mtangazaji. Kwa hiyo wakati wa likizo moja nikamtengenezea amplifaya ndogo ya hedifoni. Nilitumia kopo la bati la biskuti, betri moja ya volti 9, aisii moja, voliumu, na vipuri vingine vichache. Mpango wake si wangu. Unatokana na ule uliotolewa na Chu Moy wa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1990, ambao watu wengi duniani wameujenga ndani ya vikopo vya peremende. Mimi niliongeza resista za kuzuia sauti isizidi kiasi, nisije nikamwumiza mzee.

Usiku wa kwanza alivaa hedifoni, akasikiliza taarifa ya habari ya saa mbili mpaka mwisho. Alipozivua akaniambia, "Mume wangu, leo wamenisomea mpaka hali ya hewa." Mjukuu wa kiume kwetu ni mume wa bibi yake, na mume akisifiwa hivyo hulala vizuri.

Nikarudi Dar es Salaam, ambako nasoma shahada ya uzamili ya historia. Amplifaya ilifanya kazi miezi minne, kisha ikanyamaza. Bibi hakumwambia mtu. Betri ilikuwa imebadilishwa siku chache kabla, na mtoto wa jirani, kwa hiyo hakufikiria betri. Kopo halikuwa na taa ya kuonyesha kama linawaka au limezima, kwa sababu mimi nilikuwa nimeiacha taa ili nisile umeme wa betri. Alichokiona ni kwamba amevaa hedifoni kama kawaida, ameongeza sauti mpaka mwisho, na hakuna kitu. "Nilijua siku hiyo itakuja," aliniambia baadaye. "Nikasema basi, ndiyo imekuja."

Katika wiki hizo tatu alifariki mama mmoja wa Tanga mjini ambaye yeye na bibi walikaa viti jirani kazini kwa miaka mingi. Msiba ulitangazwa redioni. Ndugu wa marehemu walipiga simu pia, ikaita, bibi hakuisikia. Alipata habari siku nane baada ya maziko, kwa mdomo wa mtu aliyekutana naye sokoni. Tulipokwenda kuhani, arobaini ilikuwa imeshapita. Binti wa marehemu alimshika bibi mikono yote miwili akamwambia, "Tulikutafuta, mama." Bibi alitikisa kichwa tu. Mimi nilitazama mkeka.

Jioni ile ndipo nilipolifungua kopo, nikaukuta waya.

*

Waya wa nyuzi nyingi umetengenezwa ili ukunjwe. Nyuzi zake nyembamba zinagawana mkunjo, hakuna mmoja unaobeba wote. Unapoulehemu, risasi iliyoyeyuka hupanda ndani ya nyuzi kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi, na ikipoa inazigandisha kuwa kitu kimoja kigumu. Sasa una waya wenye sehemu mbili, moja ngumu na nyingine laini, na kila mvuto unaishia kwenye mpaka wa hizo mbili. Mtoto wa jirani alipokuwa akibadilisha betri alishika waya na kuuvuta, kama ambavyo mtu yeyote angefanya. Mara ya kwanza ukakatika uzi mmoja, mara ya pili nyuzi mbili, na mwishowe zote. Hakukosea mtoto wala waya. Mimi ndiye niliyefanya sehemu inayovutwa kila mara iwe kiungo kimoja na sehemu isiyotakiwa kuguswa kabisa.

Na kulikuwa na kosa la pili. Mtu pekee aliyeweza kulitengeneza kopo lile alikuwa mbali zaidi ya kilomita 300.

Bibi alikuwa ameketi ng'ambo ya meza akiniangalia. Akaniuliza ni kitu gani kimekufa. Nikamwonyesha waya. Akauchukua, akauzungusha kati ya vidole, kisha akaanza kunisimulia habari za kazini kwake. Nilidhani amehama mada.

Bibi alikuwa opareta wa simu. Aliajiriwa mwaka 1971, akiwa na miaka 20, katika kituo cha simu cha Tanga, wakati huo kikiwa chini ya shirika la posta na simu la Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 mwajiri wake alibadilika jina, lakini ubao uliokuwa mbele yake haukubadilika. Ulikuwa ukuta wa matundu, kila tundu na taa yake au kibao chake kidogo. Mezani kulikuwa na kamba zilizopangwa mbili mbili, kila moja na plagi ya shaba kichwani. Mtu akipiga, taa inawaka, opareta anachomeka kamba ya nyuma na kuuliza, "Namba tafadhali?" Kisha anachomeka kamba ya mbele kwenye tundu la anayetafutwa. Wakimaliza, anachomoa zote mbili na kamba zinarudi chini, zikivutwa na uzito wake. Opareta naye alikuja kazini na hedifoni yake, akaichomeka kwenye ubao, na zamu ikiisha akaichomoa akaondoka nayo.

"Kamba ndiyo ilikuwa inakufa," bibi alisema. "Tundu halifi. Kamba inavutwa kutwa nzima. Basi ikifa, fundi anainama huko chini kwenye mzizi wake, skrubu mbili tatu, anatupa hiyo, anaweka nyingine. Wewe hata chai hujamaliza."

Niliandika maneno hayo kwenye daftari. Niliyaandika kama mtafiti, yapate kunifaa katika utafiti wangu. Sikuyaandika kama ushauri.

*

Niliporudi Dar nilijiwekea sharti kwamba amplifaya ya pili isiwe na waya hata mmoja uliolehemiwa moja kwa moja kwenye bodi. Kila waya uwe na konekta, uchomoke, urudishwe. Na kwa kuwa mwanafunzi wa historia akiambiwa anunue msumari huanza kwa kuuliza msumari wa kwanza ulifuliwa na nani, nilipoteza siku kadhaa ambazo zingepaswa kwenda kwenye sura ya pili ya tasnifu yangu.

Tundu la hedifoni lina umri mkubwa kuliko redio. Januari 1878, katika mji wa New Haven, jimbo la Connecticut nchini Marekani, kilifunguliwa kituo cha kwanza cha kibiashara cha kuunganisha simu, chini ya George Coy. Wateja walikuwa 21. Husimuliwa kwamba ubao wake uliundwa kwa boliti za magari ya farasi, vishikio vya mifuniko ya birika la chai, na waya uliotolewa kwenye nguo za kike. Kwa wateja 21 swichi za kuzungusha zilitosha. Lakini hesabu ya simu haikui polepole. Wateja 1,000 wanaweza kutafutana kwa njia 499,500, na hakuna swichi ya kuzungusha yenye njia zote hizo. Ilitakiwa namna ya kumunganisha yeyote na yeyote kwa sekunde chache, kisha kuwatenganisha bila alama.

Mmoja wa waliopata jibu ni Charles Scribner, mhandisi wa kampuni ya Western Electric mjini Chicago. Swichi yake ya mwanzo ilifanana na kile kisu cha kukunja cha mfukoni ambacho Wamarekani hukiita jackknife, na kutoka hapo tukapata neno jeki. Baada ya marekebisho mengi ikawa kitu tunachokijua: tundu lenye vibao vya chuma vyenye kunepa ndani yake, na plagi ya mviringo yenye ncha. Kipenyo kikatulia kwenye robo ya inchi, yaani milimita 6.35. Uzuri wake haupo katika umbo tu. Kila plagi inapoingia, chuma husugua chuma, na ile kutu nyembamba na vumbi lililotanda huondoka. Kwa hiyo kitendo cha kuchomeka ndicho pia kitendo cha kusafisha.

Septemba 1878, mjini Boston, Emma Nutt akawa mwanamke wa kwanza kuajiriwa kuwa opareta wa simu. Kabla yake kazi hiyo ilifanywa na vijana wa kiume waliosifika kwa ufidhuli kwa wateja. Baada yake kazi ikawa ya wanawake karibu kila mahali simu ilipofika, na miaka 93 baadaye ikamfikia bibi yangu.

Plagi ya bibi na plagi ya hedifoni kubwa za leo si pacha, lakini ni ndugu wa karibu. Zile za posta za Uingereza, ambazo makoloni yake yalizirithi, zilikuwa na ncha yenye umbo tofauti kidogo na hii ya muziki. Upana ni uleule. Nilipogundua hivyo niliichukua plagi iliyokuwa mezani kwangu nikaitazama upya. Ncha hubeba sikio la kushoto, pete ya katikati hubeba la kulia, na shina ni la njia ya kurudi. Majina ya ncha na pete mafundi wa simu wameyatumia kwa waya zao tangu enzi za ubao, kabla hayajawa ya muziki.

Hedifoni zenyewe zilikuja kwa njia nyingine. Karibu mwaka 1910 Nathaniel Baldwin wa Utah alikuwa akizitengeneza jikoni kwake kwa mkono na kuliuzia jeshi la wanamaji la Marekani. Mwaka 1958 John Koss wa Milwaukee akatoa hedifoni za stereo kwa ajili ya muziki wa nyumbani. Kisha tarehe 1 Julai 1979 Sony ikauza Walkman ya kwanza nchini Japani, yenye matundu mawili ya milimita 3.5 ili watu wawili wasikilize pamoja. Lile tundu dogo, lililokuwa limezoeleka kwenye redio ndogo za transista, likaenea dunia nzima. Mwezi Septemba 2016 Apple ilitangaza iPhone 7 isiyo na tundu hilo, na watengenezaji wengine wengi wakafuata. Redio ya bibi bado inalo.

*

Hayo ni matundu ya nje, yale mtu anayoyaona. Yaliyonipa taabu ni ya ndani: waya kutoka betri hadi bodi, kutoka bodi hadi voliumu, na kutoka bodi hadi jeki.

Hata huko ndani kuna historia, na ina wasiwasi uleule wa kamba na tundu. Ile plagi ya RCA tunayoijua nyuma ya televisheni na deki, yenye ncha katikati na petali za chuma pembeni, ilibuniwa katika miaka ya 1930 ikakae ndani ya kabati. Kampuni ya RCA iliuza makabati yenye redio na gramafoni pamoja, na ilihitaji kiungo cha bei ndogo cha kupeleka sauti ya gramafoni kwenye amplifaya ya redio. Fundi akitaka kuitoa gramafoni aitengeneze, anachomoa. Hakuna aliyekusudia kwamba miaka 90 baadaye itakuwa bado ipo, tena upande wa nje.

Mwaka 1941 Uncas Whitaker alianzisha nchini Marekani kampuni ya Aircraft-Marine Products, na jina lake linataja kabisa vyombo vya angani na vya majini. Ilitengeneza vituo vya waya visivyohitaji kulehemiwa. Badala ya kuyeyusha risasi, unaingiza waya ndani ya kikombe kidogo cha chuma na kukibana kwa koleo maalumu, kwa nguvu inayofanya shaba na kikombe vishikane hata hewa isipite. Ndege ya vita hutetemeka wakati wote. Waya uliobanwa vizuri unabaki laini mpaka mlangoni mwa kikombe, na vituo vingi vya aina hiyo vina mbawa za pili zinazoshika ganda la waya, ili mvuto uishie kwenye plastiki na usiifikie shaba. Nilisoma hayo nikakumbuka waya mwekundu wa Muheza. Tatizo langu lilikuwa limeshatatuliwa kabla bibi hajazaliwa.

Mwaka 1957 ikaanzishwa huko Japani kampuni ya JST, ambayo herufi zake ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yanayomaanisha vituo vya Kijapani visivyolehemiwa. Konekta zake ndogo nyeupe utazikuta ukifungua karibu kifaa chochote cha nyumbani. Nilikwenda kwenye maduka ya vipuri Kariakoo nikazinunua za aina ya XH, au angalau zilizofanana nazo. Ni konekta nzuri. Ina umbo lisilokubali kugeuzwa, kwa hiyo chanya haiwezi kukaa mahali pa hasi. Inashika vizuri ikishaingia. Inabeba ampea 3, wakati kopo la bibi halili hata sehemu ya kumi ya ampea moja.

Hapo nikakutana na milimita. Bodi niliyokuwa nayo ilikuwa na matundu yaliyoachana kwa milimita 2.54, ambayo ni sehemu ya kumi ya inchi, kwa sababu mwaka 1959 Marekani, Uingereza na nchi nyingine nne zilikubaliana kwamba inchi moja iwe milimita 25.4 kamili. Konekta ya XH hufuata milimita 2.5. Tofauti ni 0.04. Kwa konekta ya pini mbili huoni kitu. Kwa pini kumi, makosa hayo yanajumlishwa mara tisa, yanafika milimita 0.36, na pini ya mwisho inakwenda kugonga ukingo wa tundu. Zangu zilikuwa za pini mbili na tatu, zikaingia. Nilifurahi mno, kama mtu aliyepatanisha nchi sita mezani kwake.

Nikabana pini zote kwa koleo la kuazima. Kila waya ulikuwa na konekta yake. Nikalifunga kopo, nikalifungua, nikachomoa kila kitu, nikakirudisha, bila kugusa chuma cha kulehemu. Nikapiga picha. Kazi ilikuwa safi, na naomba msomaji aniamini kwa hilo, kwa sababu muda mfupi baadaye niliibomoa.

*

Kilichonibomolesha ni swali dogo la muuza duka. Nilirudi kununua pini za akiba nizipeleke Muheza, akaniuliza, "Huko utakuwa na koleo?"

Sikuwa na koleo hata Dar. Lile lilikuwa la rafiki. Pini ya XH ni ndogo kama punje ya ulezi iliyokunjuliwa, na ukiibana kwa koleo la kawaida inashika leo na kuachia kesho, tena inaachia kimyakimya, kosa ambalo ndilo nililokuwa nikilikimbia. Muheza yuko fundi wa redio, pale karibu na soko. Ninamjua tangu utotoni. Anayo mita, chuma cha kulehemu, kisu, bisibisi za kila ukubwa, na ndoo ya redio zilizokufa ambazo ndizo ghala lake. Waya wa XH ukikatika mikononi mwake, ataikata konekta yangu nzuri na kuulehemu waya moja kwa moja kwenye bodi. Angekuwa sahihi kabisa kufanya hivyo. Na tungekuwa tumerudi kwenye waya mwekundu.

Nilikuwa nimechagua konekta kwa kuuliza ipi ni bora. Sikuuliza ni nani atakayeifungua. Ndipo nilipofungua daftari na kuyasoma upya maneno ya bibi, safari hii pole pole. Kamba inakufa, tundu halifi, skrubu mbili tatu.

Wahandisi waliomtengenezea bibi ubao wake hawakujitahidi kutengeneza kamba isiyokufa. Walikubali kwamba itakufa. Wakaitenga na kila kinachodumu, wakaifunga kwenye mzizi wake kwa kitu ambacho fundi yeyote wa zamu, Boston au Tanga, anaweza kukifungua kwa bisibisi aliyonayo mfukoni. Huo nao ni uhandisi, na mtu aliyekaa mbele yake kwa miaka mingi alikuwa amenieleza mezani kwake, nikadhani ananipa historia.

Basi nikaanza upya. Kwa waya zisizoguswa kamwe, zile za voliumu na za jeki ya kutolea sauti, niliziacha konekta za XH. Kwa waya zinazovutwa, wa betri na wa kuingizia sauti, niliweka terminali za skrubu, zile zilezile ambazo fundi umeme hutumia, katika ukubwa mdogo wa bodi. Nilijifunza kwamba ncha ya waya inayoingia chini ya skrubu haitakiwi kupakwa risasi hata kidogo, kwa kuwa risasi ni laini, ikikandamizwa muda mrefu inasogea na skrubu inalegea. Inatakiwa nyuzi tupu zilizosokotwa, au kikofia cha shaba kilichobanwa. Na kabla waya haujaifikia skrubu niliupitisha kwenye tundu la kopo na kuupiga fundo kwa ndani, ili mtoto wa jirani akiuvuta avutane na fundo.

Skrubu ina upungufu wake. Haijui chanya wala hasi, na fundi mwenye haraka anaweza kubadilisha nyekundu na nyeusi. Kwa hiyo niliweka dayodi njiani, inayokataa umeme uliogeuzwa, ingawa inakula sehemu ndogo ya volti za betri. Niliandika alama ya kujumlisha na ya kutoa kwa rangi ya kucha ya dada yangu. Niliweka na taa nyekundu, ndogo, inayokula umeme kidogo. Sasa kopo likizima, litasema lenyewe kwamba ni lenyewe.

Upande wa kutolea sauti ningeweza kuweka tundu la milimita 3.5, na hedifoni zingeingia bila shida. Niliweka la 6.35. Kwa hesabu ya umeme hakuna tofauti yoyote, na nafasi ndani ya kopo ilikuwa ndogo. Lakini vidole vya bibi vinatetemeka siku hizi, na plagi kubwa inamrahisishia.

Nilipompelekea, sikumweleza lolote kuhusu Chicago. Nilisema tu, "Shikamoo bibi, jaribu hii." Akaitikia marahaba, akaichukua plagi, na bila kutazama tundu liko wapi akaichomeka kwa mkono mmoja, kwa mwendo mmoja, dole gumba likiwa nyuma ya plagi. Mimi huwa nabahatisha mara mbili tatu. Taa ikawaka. Akavaa hedifoni, akaongeza voliumu kidogo, akakaa kimya akisikiliza.

Yule rafiki yake hakurudi kwa sababu ya skrubu nne. Bibi hajawahi kunilaumu, na nadhani hajawahi kuunganisha mambo yale mawili, waya wangu na maziko yale, kwa namna ninavyoyaunganisha mimi. Kila mwaka ninapofika huniomba nimsindikize Tanga mjini, tunapita kaburini, tunarudi na basi la jioni.

Likizo iliyopita nilifungua kopo kulikagua, maana ulikuwa umepita mwaka mzima na nilitegemea kukuta skrubu zimelegea. Hazikulegea. Lakini waya wa betri haukuwa ule niliouacha. Kwenye skrubu ya chanya kulikuwa na waya wa njano, mgumu kidogo, wenye alama za kukunjwa, uliotoka bila shaka kwenye ndoo ya redio zilizokufa. Nyuzi zake zilikuwa zimesokotwa vizuri, tupu, bila risasi. Hata fundo lilikuwepo, limepigwa upya.

Nikamwuliza bibi ni lini.

"Aa, huo? Ulikatika mwezi wa pili. Taa ilizima, nikampelekea fundi." Akafikiri kidogo. "Hata chai sikumaliza."